Dawa Zilipungua, Kamba Zikaongezeka: Historia ya Utabibu wa Miti

Tabibu wa miti ni fundi anayepanda mti uliosimama ili kuupogoa, kuutibu, au kuuondoa kipande kwa kipande pale ambapo hauwezi kuangushwa wote kwa mkupuo mmoja. Si sawa na mkata magogo wa msituni. Huyo anatafuta mbao, na mti ukishalala ndipo hesabu yake inapoanza. Tabibu wa miti anafanya kazi penye watu, juu ya mapaa, nyaya za umeme, makaburi na magari yaliyoegeshwa, na mara nyingi mwenye mti anataka mti wake ubaki. Kupogoa ni kazi ya kale popote palipolimwa matunda, lakini ufundi huu kama taaluma yenye jina, kampuni na shule zake ulikulia Uingereza na Marekani, kuanzia mwisho wa karne ya 18. Mwenendo wake ni wa kinyume kidogo. Dawa ambazo matabibu hao walianza nazo zilitupwa moja baada ya nyingine hadi karibu zikaisha, ilhali vifaa vya kumlinda mtu aliye juu, ambavyo mwanzoni havikuwapo, vilizidi kuongezeka.

Habari zenyewe zinaweza kuanzia kwenye ndoo ya samadi. William Forsyth, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1737, alikuwa msimamizi wa bustani za Mfalme George III huko Kensington na St James's, London. Mwaka 1791 alichapisha kitabu kidogo kuhusu magonjwa na majeraha ya miti, akaahidi humo dawa ya kupaka. Vipimo vyake, vikigeuzwa kuwa vya madebe, vilikuwa takriban hivi: madebe mawili ya samadi mbichi ya ng'ombe, debe moja la kifusi cha chokaa kutoka nyumba kuukuu (chokaa ya dari ndiyo iliyosifiwa zaidi), debe moja la jivu la kuni, na mchanga wa mtoni kiasi cha sehemu ya nane ya debe. Mchanganyiko ulipondwa ukalainika, kisha ukazimuliwa kwa mkojo na maji ya sabuni hadi ukawa mzito kama rangi ya ukutani. Jeraha lilichongwa mpaka kwenye sehemu nzima, likapakwa dawa, na juu yake likanyunyiziwa jivu la kuni lililochanganywa na jivu la mifupa mpaka likakauka.

Forsyth hakudai tu kwamba dawa hiyo ilizuia kuoza. Alidai kwamba mwaloni uliooza ungeweza kurudishiwa mbao nzima. Manowari za Uingereza zilijengwa kwa mialoni, na vita na Ufaransa vilikuwa karibu. Kwa hiyo dai hilo liliwafikia wenye mamlaka likiwakuta wana kiu nalo. Bunge likamtunukia pauni 1,500. Thomas Andrew Knight, mtaalamu wa miti ya matunda, alimshambulia hadharani, akisema hakuna mti uliowahi kufanya muujiza huo. Knight alikuwa sahihi. Forsyth alifariki mwaka 1804, na jina lake limebaki kwenye forsythia, kichaka cha maua ya manjano kinachochanua majira ya baridi yanapokwisha.

Samadi ilipotea, lakini wazo lililoibeba lilidumu zaidi ya miaka 150: kwamba mti ni kama mnyama, nao ukijeruhiwa unahitaji bandeji. Katika miaka ya 1860 Mfaransa des Cars alifundisha kukata tawi sambamba kabisa na shina, bila kuacha hata kivimbe, kisha kulipaka jeraha lami ya makaa ya mawe. Charles Sprague Sargent alikitafsiri kitabu chake kwa Kiingereza mwaka 1881, na mafundisho hayo yakavuka bahari. Wakati huohuo Mjerumani Robert Hartig alikuwa ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1878, kwamba mbao huozeshwa na kuvu, wala si kwamba kuvu huja kuishi kwenye mbao zilizokwisha kuoza zenyewe. Ugunduzi huo ulikuwa sahihi, lakini mafundi waliutafsiri kwa njia yao: kama adui anaingia kwa mlango wa jeraha, basi mlango uzibwe.

Aliyeifanya kazi hii kuwa taaluma alikuwa John Davey, aliyezaliwa Somerset, Uingereza, mwaka 1846, katika familia ya wakulima. Alikuwa mtu mzima alipojifunza kusoma na kuandika. Alihamia Marekani mwaka 1873, na baadaye akapewa kazi ya kutunza makaburi ya Standing Rock katika mji wa Kent, jimbo la Ohio. Pale makaburini ndipo alipojaribu mbinu zake: kuondoa matawi makavu, kusafisha vidonda, kupanda miti mipya. Kilichomkera zaidi kilikuwa mjini, ambako miti ya barabarani ilikatwa vichwa ili kupisha nyaya za simu na telegrafu, au kwa sababu tu watu waliamini mti uliokatwa kichwa utapata nguvu. Mwaka 1901 alichapisha kwa gharama yake kitabu alichokiita The Tree Doctor, yaani daktari wa miti, kilichojaa picha alizopiga mwenyewe za miti iliyotibiwa vizuri na iliyochinjwa. Mwaka 1909 yeye na wanawe waliandikisha kampuni ya Davey Tree Expert, iliyokuwa na shule yake ya kuwafundisha vijana mimea, magonjwa na upandaji. Mwanawe Martin aliingia siasa na kuwa gavana wa Ohio kuanzia mwaka 1935 hadi 1939. Francis Bartlett alikuwa ameanzisha kampuni yake mwaka 1907, na ushindani wa kampuni hizo mbili ndio uliowafundisha Wamarekani wenye nafasi kumwita fundi wa miti kama wanavyomwita daktari wa meno.

Mfano wa daktari wa meno si wa kubahatisha. Kazi iliyowapa mafundi hao sifa kubwa kuliko zote ilikuwa kuziba mashimo ya miti kwa saruji. Fundi aliingia kwenye uvungu wa shina na patasi na nyundo, akakwangua mbao zilizooza hadi akafika kwenye mbao ngumu zenye rangi safi. Alipaka ukuta wa ndani dawa ya kuua kuvu na lami, akapigilia misumari ili saruji ishike, kisha akajaza shimo tabaka kwa tabaka, kati ya tabaka na tabaka akiweka karatasi ya lami. Karatasi hiyo iliwekwa kwa sababu shina huyumba na saruji haiyumbi. Bila nafasi ya kucheza, saruji hupasuka au hulikwangua shina kwa ndani. Uso wa saruji ulisawazishwa usipite mstari wa gome, ili gome jipya likue na kuufunika. Kazi ikikamilika ilipendeza kuitazama, na bili yake ilikuwa kubwa. Miti mingi ya namna hiyo ingali imesimama kwenye viwanja vya zamani vya Marekani, na anayeikata leo huligundua tumbo la saruji pale meno ya msumeno wake yanapotoa cheche.

Ufundi wa kupanda ulikuwa mwembamba zaidi kuliko ule wa kutibu. Ngazi ndefu ya mbao ilimfikisha fundi kwenye matawi ya kwanza. Kutoka hapo alitegemea mikono, magoti na kamba. Hakukuwa na mkanda wa kukalia. Alijifungia kitanzi maradufu kisichokaza, fundo walilolichukua kwa mabaharia, mguu mmoja huku na mwingine kule, akakikalia. Kamba ilipita juu ya panda ya tawi imara, ikarudi chini sambamba na ile iliyomfunga. Kisha kwa ncha iliyobaki kiunoni alizungusha fundo la kushika kwenye upande ule ulioshuka. Fundo hilo ndilo moyo wa kazi yote. Likibebeshwa uzito huuma kamba na kusimama. Likisukumwa kwa mkono huteleza. Fundi akivuta kamba na kusukuma fundo juu, hupanda. Akilikandamiza taratibu, hushuka. Na kwa kuwa kamba imekunjwa juu ya tawi, uzito hugawanyika pande mbili, hivyo mikono hubeba karibu nusu tu ya mwili, ukiacha msuguano wa gome.

Mkwezi wa minazi atauona utaratibu huu mgeni. Kitanzi chake hufunga miguu, nayo miguu hulibana shina, kwa sababu mnazi hauna panda wala tawi la kuninginizia kamba. Yeye haachani na shina tangu chini hadi kwenye makuti. Tabibu wa miti, kinyume chake, lazima atoke nje ya shina, atembee juu ya tawi linalopungua unene kila hatua mpaka kwenye vitawi vya mwisho, ambako uzito mwingi unatakiwa uwe kwenye kamba, mguu ukigusa tu. Ndiyo maana panda ya kufungia huchaguliwa juu kadiri inavyowezekana na karibu na katikati ya mti. Ikiwa chini, anayeteleza nje ya tawi hurudi kama pendulo na kugonga shina.

Viatu vya miiba ya chuma vilijulikana tangu zamani kwa mafundi wa nyaya, na vilirahisisha kupanda mno. Hata hivyo kila mwiba huacha tundu kwenye gome, kwa hiyo matabibu walikubaliana mapema kwamba miiba ni ya mti unaoondolewa tu. Hadi leo mstari wa vitundu kwenye shina la mti hai ni njia ya haraka ya kumtambua fundi wa mitaani.

Kamba za enzi hiyo zilikuwa za manila, zilizosokotwa kwa nyuzi za abaka, jamaa ya mgomba inayolimwa Ufilipino. Kamba ya manila ina mshiko mzuri mkononi, lakini ikilowa huwa ngumu, na ikihifadhiwa vibaya huoza ndani bila kuonyesha dalili nje. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, manila ikakatika, na nchi zilizokuwa vitani zikageukia mkonge, ambao Tanganyika ilikuwa mzalishaji wake mkubwa. Mashamba ya Tanga yaliyokuwa yakinufaika wakati huo yalitokana na miche iliyoagizwa kutoka Florida mwaka 1893 na Richard Hindorf: elfu moja ilitumwa, ikafika 62 tu ikiwa hai. Mkonge ni dhaifu kuliko manila, na baada ya vita zote mbili zilianza kuachia nafasi nailoni na poliesta.

Kamba mpya zilikuwa na nguvu zaidi na hazikuoza, lakini zilileta tatizo ambalo halikutarajiwa: zilikuwa laini. Fundo la kale lililouma vizuri kwenye manila yenye nyuzi za kukwaruza lilianza kuteleza au kujifungua lenyewe kwenye nailoni. Wengine waliazima fundo ambalo mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, alilitangaza mwaka 1931, linalotumia kitanzi cha kamba nyembamba kuzungushwa kwenye kamba nene. Fundo lililoenea zaidi kwa wapanda miti lilikuja baadaye sana. Jason Blake alilieleza katika barua kwa jarida la wataalamu wa miti mwaka 1994, na fundo likachukua jina lake, ingawa Heinz Prohaska wa Austria alikuwa amelibuni na kulichapisha kabla yake miongoni mwa wapanda milima na wachunguzi wa mapango. Kila mmoja alifika kivyake. Inashangaza kidogo kwamba binadamu, aliyefunga kamba tangu kabla ya maandishi, alikuwa bado anagundua fundo jipya la maana katika zama za kompyuta.

Wakati mafundi wakiziba mashimo, miti yenyewe ilikuwa ikifa kwa sababu nyingine. Mwaka 1904 ugonjwa wa gome uliotoka Asia uligunduliwa kwenye michestinati ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na kufikia katikati ya karne ulikuwa umeua mabilioni ya miti hiyo mashariki mwa Marekani. Ukafuata ugonjwa wa mielmu, uliochunguzwa kwanza na wanasayansi wanawake wa Uholanzi katika miaka ya 1920 na kufika Ohio mwaka 1930 ndani ya magogo yaliyoagizwa kutoka Ulaya. Mwaka 1924 wanasayansi na mafundi walikutana Connecticut kwa mkutano kuhusu miti ya vivuli. Mkutano huo ndio uliokuja kuwa chama cha kimataifa cha taaluma hii, kinachojulikana kwa herufi ISA. Aina kali zaidi ya ugonjwa wa mielmu ilivuka kurudi Uingereza katika miaka ya 1960 na kuua zaidi ya mielmu milioni 25. Hapakuwa na dawa ya maana. Kilichohitajika kilikuwa watu wa kuishusha miti mikavu iliyosimama juu ya barabara na nyumba, na kazi hiyo, zaidi ya tiba yoyote, ndiyo iliyowajaza matabibu wa miti katika Uingereza ya miaka ya 1970.

Walikuwa na chombo kipya mkononi. Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929. Misumeno hiyo ya kwanza ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40, ikashikwa na watu wawili, kwa hiyo haikuwa ya kupanda nayo mtini. Mwaka 1947 Mmarekani Joseph Cox alianza kuuza mnyororo wenye meno yaliyoigwa kwa funza wa mende anayetafuna magogo, na mwaka 1950 ukaja msumeno wa Stihl wa mtu mmoja. Uzito ukaendelea kushuka, mpaka ikapatikana misumeno midogo yenye mpini juu, iliyokusudiwa kutumika mtini. Chenso, kama wanavyoiita Tanzania, ikapunguza siku ya kazi kuwa saa. Pia ilileta namna mpya ya kufa. Ncha ya juu ya ubao wa msumeno ikigusa mbao wakati mnyororo unazunguka, msumeno huruka nyuma kuelekea usoni, haraka kuliko mkono unavyoweza kuuzuia. Breki ya mnyororo inayojifunga yenyewe ilianza kuwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Suruali za kinga zina tabaka za nyuzi ndefu: mnyororo ukiipasua suruali, nyuzi huchomoka, zikajizonga kwenye gia na kuusimamisha msumeno kabla haujafika mfupani. Na kwa aliye mtini kuna hatari ya pili, kukata kamba yake mwenyewe. Kutokana nayo ilikuja kanuni kwamba anayewasha msumeno juu ya mti awe amefungwa sehemu mbili, na moja ya kamba hizo iwe na kiini cha waya wa chuma pale inapowezekana.

Chombo hichohicho ndicho kilichovunja imani ya kale. Alex Shigo, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1930, aliingia idara ya misitu ya Marekani mwaka 1959 kuchunguza kuoza kwa miti. Watangulizi wake walikuwa wamekata magogo kwa upana na kutazama duara. Shigo alitumia msumeno wa mnyororo kuyapasua kwa urefu, kutoka mzizi hadi tawi, na inakadiriwa alipasua miti 15,000. Alichokiona ni kwamba uozo haukusambaa ovyo. Uliishia kwenye mipaka iliyonyooka, kana kwamba umefungiwa chumbani. Mti, kinyume na mnyama, haufufui chembe zilizojeruhiwa. Hujenga kuta. Tatu kati ya hizo huimarishwa ndani ya mbao zilizokuwapo jeraha lilipotokea, ya kwanza ikizuia juu na chini, ya pili kuelekea kiini, ya tatu kando kando. Ya nne, iliyo imara kuliko zote, huota baada ya jeraha kati ya mbao za zamani na za miaka inayofuata. Uozo unaweza kula kila kitu ndani ya ukuta wa nne, na mti ukaendelea kunenepa nje yake kwa karne nzima.

Alipoyachapisha hayo mwaka 1977, kazi za vizazi viwili zilibomoka. Fundi aliyekwangua shimo mpaka kwenye mbao nzima alikuwa akivunja ukuta ambao mti umeujenga kwa shida, akiifungulia kuvu chumba kinachofuata. Mabomba ya chuma yaliyotobolewa kutoa maji ndani ya uvungu yalifanya vilevile. Lami na rangi hazikuzuia kuvu. Mara nyingine zilihifadhi unyevu na kuisaidia. Na mkato sambamba na shina, ule wa des Cars, uliondoa kola ya tawi, yaani uvimbe wa pale tawi linapoungana na shina, ambamo mti huweka kinga zake. Mkato sahihi hupita nje kidogo ya kola hiyo, bila kuacha kisiki kirefu na bila kuichuna. Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu: mkato mfupi kutoka chini, wa pili kutoka juu mbele kidogo, tawi linaanguka bila kuchana gome, kisha kisiki kilichobaki kinaondolewa kwa mkato wa mwisho. Shigo, ambaye ujanani alipiga klarineti katika bendi ya jeshi la anga, alitumia miaka yake ya baadaye kusafiri na kuwahutubia mafundi. Wengi walimchukia kwanza. Alifariki mwaka 2006, na wakati huo hakukuwa na mtaala wa maana uliofundisha saruji.

Somo jingine lilikuja kwa upepo. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba iliangusha takriban miti milioni 15 kusini mwa Uingereza, na karibu 700 kati yake ilikuwa katika bustani ya Kew. Mwaloni mmoja wa Kew, uliopandwa mwishoni mwa karne ya 18 na uliokuwa ukidhoofika, uliinuliwa na upepo pamoja na kisahani chake cha mizizi ukarudishwa palepale. Uliwekewa magogo ya kuutegemeza na kusahauliwa, kwa kuwa iliyolala ilikuwa mingi. Miaka mitatu baadaye wafanyakazi waliporudi waliukuta umenawiri kuliko kabla. Udongo uliokanyagwa na wageni kwa miongo mingi ulikuwa umetifuliwa na dhoruba kwa sekunde chache. Kew ikaanza kupuliza hewa chini ya miti mingine mikongwe. Katika hesabu ya dawa zilizotupwa, hii ni mojawapo ya chache zilizoongezwa, nayo haiugusi mti wenyewe.

Kushusha mbao nzito kwa kamba kuna historia fupi lakini yenye hesabu nyingi. Kwa miongo mingi tawi lililokatwa lilifungwa kamba iliyopitishwa kwenye panda ya juu, na watu wa chini wakaizungusha kwenye shina mara mbili tatu ili msuguano uwasaidie. Njia hiyo hutumika bado kwa matawi madogo, lakini msuguano wa panda hautabiriki: gome kavu hushika, gome bichi lililochunika huteleza kama sabuni. Mwishoni mwa karne ya 20 ilienea desturi ya kufunga kapi kubwa mtini na bomba la chuma la kuzungushia kamba chini ya shina. Kila baharia wa jahazi angelitambua jambo hili mara moja, maana ni henza na kapi tu, isipokuwa hapa mzigo hauvutwi juu bali huachiwa chini, na mlingoti wenyewe unakatwa kuanzia kileleni.

Hatari iko pale ambapo hakuna tawi la juu la kufungia. Shina tupu hukatwa vipande kutoka juu, na kapi hufungwa chini ya mkato. Kipande hivyo huanza kwa kuanguka, kikapita kapi, ndipo kamba inapokishika. Chukua kipande cha kilo 100 kinachoanguka mita 2 kabla kamba haijakaza, kisha kikasimamishwa ndani ya nusu mita. Nguvu ya wastani ya kukisimamisha ni mara tano ya uzito wake, sawa na kilo 500, na kilele cha nguvu hupita wastani huo. Kwenye kapi, kamba huvuta pande zote mbili, kwa hiyo shina ambalo mpandaji amejifungia hupokea karibu maradufu, takriban kilo 1,000. Yule wa chini akiikaza kamba ghafla, nusu mita inakuwa robo na hesabu inazidi kupanda. Akiiachia iteleze na kuikaza polepole, hupungua sana. Kwa sababu hiyo mshika kamba mzoefu ni wa thamani kuliko kamba nene, na mafundi wengi wangemchagua yeye kwanza kabla ya kuchagua msumeno. Peter Donzelli, mhandisi wa chuo kikuu cha North Carolina State, alitumia miaka ya 1990 kuipima mishtuko hiyo, na kitabu alichokiandika na Sharon Lilly, kilichotoka mwaka 2001, ndicho kilichowapa mafundi lugha ya kihandisi kwa jambo walilokuwa wakilikadiria kwa jicho.

Kanuni za usalama zilichelewa kuliko vifaa. Mwaka 1968 mama mmoja wa jimbo la New York, aliyefiwa na mwanawe katika kazi ya miti, aliishinikiza taasisi ya viwango ya Marekani kuandika kanuni za taaluma hii. Toleo la kwanza la kanuni hizo, Z133, lilitoka mwaka 1972 na limekuwa likirekebishwa tangu hapo. Linataka kamba ya kupandia iwe na uwezo wa kuhimili karibu kilo 2,450 kabla ya kukatika, na asiyefundishwa kazi za umeme akae mita 3 au zaidi kutoka kwenye waya wenye umeme, kwa kuwa tawi bichi ni njia ya umeme sawa na mkono. Nchini Uingereza, sheria ya usalama kazini ya mwaka 1974 na kanuni za vifaa vya kuinulia za mwaka 1998 zilifanya vifaa vinavyobeba mtu vikaguliwe na mjuzi kila miezi sita. Fundi aliyezoea kuitupa kamba nyuma ya gari sasa alilazimika kuipa namba, kuiandikia daftari, na kuistaafisha.

Kanuni iliyobadilisha mpangilio wa kazi zaidi ni ile ya uokoaji. Aliyejeruhiwa juu ya mti hawezi kusubiri zimamoto. Akining'inia kwenye mkanda bila kujisogeza, damu hukusanyika miguuni na hali huharibika kwa dakika. Kwa hiyo hapandi mtu peke yake. Chini lazima awepo mwingine anayejua kupanda, mwenye mkanda na kamba ya pili tayari, aliyefanya mazoezi ya kumfikia mwenzake, kumfunga kwake na kushuka naye. Kwa nia hiyo ISA ilianzisha mwaka 1976, mjini St. Louis, mashindano ya kupanda miti. Washindani hurusha kamba nyembamba yenye kifuko cha uzito ipite kwenye panda iliyochaguliwa, hutembea hadi ncha za matawi kugonga kengele kwa msumeno wa mkono, na humwokoa sanamu mwenye uzito wa mtu huku waamuzi wakihesabu sekunde na makosa. Mbinu mpya za kamba, ikiwemo ile ya kupanda kwa kamba moja isiyosogea iliyoazimwa kwa wachunguzi wa mapango, zilisambaa kwa kasi kupitia mashindano haya.

Siku hizi, tabibu wa miti anayeitwa kuutazama mti wenye uvungu huugonga kwa nyundo ya mbao akisikiliza, hupima unene wa ukuta mzima uliobaki, na mara nyingi huishia kupunguza uzito wa matawi ya nje au kushauri benchi lililo chini yake lihamishwe. Hapaki kitu. Kamba yake haigusi panda moja kwa moja: hupitishwa kwenye mkanda mfupi wenye pete mbili za chuma, moja kubwa na moja ndogo, ili gome lisisuguliwe. Kazi ikiisha hushuka, hufunga kivimbe kwenye ncha ya kamba na kuivuta. Kivimbe hupita pete kubwa, hukwama kwenye ndogo, na mkanda wote hufunguka na kuanguka chini pamoja na kamba.